Jason Takes Manhattan: ipime hivi kabla ya kuiponda

Mkuu, umeuliza kama sehemu ya nane ya mfululizo wa filamu za kutisha wa Friday the 13th (1989) ni mbovu kweli au watu wanafuata mkumbo, na mapitio yake uyaanzie wapi. Ni dhaifu, ila si kwa sababu inayotajwa sana.

Lawama ya kawaida: jina limeahidi Manhattan, kumbe sehemu kubwa ya filamu iko melini. Ni kweli, na hata hiyo "New York" kwa kiasi kikubwa ilipigwa picha Vancouver, Kanada. Lakini hilo ni kosa la tangazo. Wewe tazama yanayotokea melini: mtu anamkimbia Jason, yule muuaji, mara Jason yuko mbele yake bila njia ya kufika pale. Mtazamaji akishajua kwamba kukimbia hakusaidii kitu, hofu inakufa. Hapo ndipo pa kuanzia.

Usiilinganishe na ya kwanza ya 1980. Kule Jason hata siye muuaji. Ipime na ya sita (1986), ambayo mzaha wake umepangwa, na ya saba (1988). Angalizo: ya saba ilikatwa sana ili ipate daraja la MPAA (chama cha studio za Marekani kilichopanga filamu kwa umri wa watazamaji), kwa hiyo mauaji yake butu usimtupie mwongozaji. Nakala zilizohaririwa kwa ajili ya televisheni ziepuke kabisa.

Kane Hodder, anayemwigiza Jason, mpe haki yake. Julius, kijana bondia, anamtwanga Jason juu ya paa mpaka anachoka, Jason anajibu kwa ngumi moja tu. Tukio hilo lichambue peke yake. Mwisho wa kwenye mtaro wa majitaka, huo hautetezeki.