Stata ya mashine ya boti inayogonga mara moja na kunyamaza: pima waya kabla ya kununua stata

Ndugu yangu, umeeleza kwamba mashine yako ya farasi 40 ukiipiga stata inatoa mlio mmoja wa "tak" kisha inanyamaza, kwamba betri ni mpya na inasoma volti 12.7, na kwamba fundi amekwisha kukushauri ununue stata nyingine. Nakuomba uzuie fedha hiyo kwanza, kwa sababu yaliyokupata yalinipata mimi, na mimi nilinunua.

Ninaendesha boti kisiwani Mafia. Katika msimu wa papa potwe, kuanzia Oktoba hadi Februari hivi, mashine ikigoma asubuhi, siku hiyo imekwenda bure. Mwaka yaliponipata hayo, iligoma Kilindoni, wageni wakiwa wamekwisha kukaa ndani ya boti. Fundi alisikiliza ule mlio, akasema stata imekufa. Niliagiza nyingine Dar es Salaam, nikaisubiri siku 9, ikafungwa, na mlio ukawa ule ule.

Mlio huo wenyewe unakupa habari kubwa. Umeme wa ufunguo hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi, ambayo mara nyingi ni ya ampia 20, kisha kwenye swichi ya ufunguo na ile swichi ndogo inayozuia mashine isipigwe stata ikiwa ndani ya gia, ndipo hufika kwenye solenoidi, yaani swichi ya sumaku inayofungulia stata umeme mkubwa wa betri. Solenoidi ikigonga kwa nguvu, maana yake njia hiyo yote ni nzima, na huna haja ya kufungua boksi la gia. Ingekuwa kimya kabisa ningekuambia uanze na fyuzi na kutikisa mkono wa gia. Ingekuwa inagonga mfululizo kama cherehani ningekuambia betri imeishiwa chaji au vichwa vyake havikukazwa.

Kabla ya kupima kwa mita ya umeme, vua kofia ya mashine na ujaribu kuizungusha kwa kamba ya dharura. Ikigoma kuzunguka hata baada ya kutoa plagi, tatizo si la umeme, na kuendelea kuilazimisha kutaunguza stata isiyo na kosa.

Ikizunguka vizuri, chukua multimita. Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea, kwa kuwa hupima volti wakati hakuna kinachofanya kazi. Waya uliooza ukabakiwa na nyuzi tatu tu utaonyesha volti 12.7 bila aibu, maana mita inahitaji umeme kidogo mno. Stata inapodai ampia mia na zaidi, nyuzi hizo tatu haziwezi kuzipitisha. Kwa hiyo pima huku mtu mwingine akiwa ameshikilia ufunguo, kwa sekunde tatu au nne kila mara, gia ikiwa huru na kamba ya usalama ikiwa imechomolewa. Katika mashine nyingi kamba hiyo huzima moto wa plagi lakini huacha stata ifanye kazi.

Kwanza pima betri yenyewe, ncha za mita zikigusa vichwa vyenyewe vya risasi vya betri na si vibanio vya waya. Ikishuka chini ya volti 9.6, ama betri ni dhaifu ama stata inavuta umeme kupita kiasi. Nauliza pia kama ni betri ya sola, kwa sababu nyingi za aina hiyo hazikuundwa kutoa umeme mwingi kwa mkupuo. Ikibaki juu ya 11 huku stata haizunguki, umeme unakwama njiani au ndani ya stata yenyewe, na inabaki kujua ni wapi.

Weka ncha moja kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye boliti ya stata unakoingia waya mnene. Usishtuke ukisoma volti 12 kabla ya ufunguo kuzungushwa; ndivyo inavyopaswa kuwa. Ukizungushwa, namba ishuke chini ya 0.5. Ikibaki kubwa, rudia kipimo hicho juu ya boliti mbili kubwa za solenoidi, na ukiikuta hapo, sahani za ndani zimeungua na solenoidi ndiyo ya kubadilishwa. Kisha hamia upande wa hasi: ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye bodi ya stata. Hapo isizidi 0.3.

Mimi nilisoma volti 11.9 kwenye betri, 0.2 upande wa chanya, na 4.6 upande wa hasi. Stata ilikuwa inabakiwa na volti 7.1. Nilipochana kwa kisu mpira uliofunika lagi, yaani kile kichwa cha chuma cha kufungia boliti, ya waya wa hasi, pale unapofungwa kwenye bodi ya mashine, ulimwagika unga wa kijani kiganjani, na shaba iliyokuwa chini yake ilikuwa nyeusi, ikikatika kwa kuivuta na vidole viwili. Kwa nje waya ule ulionekana mpya. Nilikata sentimita 20 hivi hadi nikaona shaba inayong'aa, nikabana lagi mpya na kuifunika kwa mpira wa kusinyaa kwa moto wenye gundi ndani, kwa sababu maji ya chumvi huupanda waya ulio wazi kama mafuta yanavyoupanda utambi. Stata ya zamani niliirudisha, na bado inafanya kazi.

Jambo moja nalisisitiza: usiunganishe boliti za solenoidi kwa bisibisi, kama nionavyo vijana wakifanya ufukweni. Cheche ile iko karibu na mvuke wa petroli, na unakuwa umeiruka swichi ya gia, hivyo mashine iliyoachwa ndani ya gia itawaka na pangaboi litazunguka hapo hapo.

Pande zote mbili zikiwa nzuri na betri isishuke, ndipo uishuku stata, hasa brashi zake za kaboni. Igonge taratibu kwa mpini wa nyundo huku ufunguo umeshikiliwa. Ikishtuka na kuzunguka, brashi zimeisha, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na stata nzima.

Ukishapima, niandikie hapa namba zote tatu: ya betri, ya chanya na ya hasi, zote ufunguo ukiwa umeshikiliwa.