VVT-i: anza na oili, gia baadaye

Swali: Toyota IST yangu (injini ya 1NZ-FE) imeandikwa VVT-i. Kazi yake nini?

Jibu: Huwahisha au kuchelewesha valvu za kuingiza hewa injini ikiwa inazunguka. Gia ya VVT-i iko mbele ya kamshafti, shafti inayofungua valvu, na ina vyumba vidogo ndani. Oili ikiingia upande mmoja kamshafti huzungushwa mbele kidogo, upande wa pili hurudi nyuma. Gari likiwa sailensa (injini inazunguka bila kukanyaga mafuta) valvu huchelewa kufunguka ili injini itulie. Ukipanda mlima zinawahi kufunga, pistoni isirudishe hewa ilikotoka, na gari linapata nguvu.

Swali: Taa ya injini inawaka, mashine imesoma P1349 (kodi ya hitilafu ya VVT), na sailensa gari linazima. Fundi anataka kubadilisha gia ya VVT. Nikubali?

Jibu: Bado. Pima kwanza kiasi cha oili kwenye stiki. Kisha itafute valvu ya oili ya VVT, inayopeleka oili kwenye gia hiyo, ambayo wengi huiita sensa. Chomoa soketi yake uipime ukinzani wa umeme kwa mita: ikiwa ya baridi isome omu 6.9 hadi 7.9. Injini ikishapata moto, iache sailensa, uipe valvu hiyo umeme wa betri kwa muda mfupi tu. Injini ikitetemeka au kuzima, valvu ni nzima na oili inafika. Isipobadilika, ifungue uipe umeme ikiwa mkononi. Pini ya ndani lazima isogee. Mara nyingi utaikuta imenasa kwenye tope jeusi la oili iliyozidishwa kilomita, na ikinasa upande wa kuwahisha ndipo sailensa inapokufa. Ioshe. Usisahau kichujio chake kidogo cha wavu, kinachokaa nyuma ya bolti ya kizibo; kikiwa kimechanika weka kipya. Hayo yote yakiwa sawa, ndipo mzungumzie gia.

Swali: Naweza kuweka oili namba 40? Ni nafuu.

Jibu: Hapana. Weka 5W-30, lita 3.7 pamoja na filta mpya. Oili nzito ikiwa baridi huchelewa kupita kwenye vinjia vya VVT.

Swali: Asubuhi nikiwasha inagonga sekunde moja, kisha kimya.

Jibu: Pini inayofunga gia ya VVT imelika, kwa hiyo gia inacheza hadi oili ifike. Hapo kweli gia inahusika. Mlio ukiendelea injini ikishapata moto, zima gari, pima oili, kisha mnyororo wa taimingi, unaozungusha kamshafti, ukaguliwe.