Wawili kwenye visiwa vya Ugiriki mwezi Septemba: maswali ya wasomaji

Swali. Mhariri, salaam. Mimi na mume wangu tunatimiza miaka kumi ya ndoa Septemba ijayo, na tumedunduliza fedha za kwenda Ugiriki. Tuna usiku 12. Tumepanga Athens, Mykonos, Santorini, Krete, Rhodes, halafu Kos, ili kutoka hapo tuvuke siku moja tukaione Bodrum, Uturuki. Ratiba hii inabebeka?
*Bibi Harusi wa Zamani, Mombasa*

Jibu. Inabebeka kwenye ramani tu. Hivyo ni vituo saba, na kila kuhama kisiwa kunakula zaidi ya nusu siku hata kama boti yenyewe ni ya mwendo wa saa mbili. Chumba unakiacha saa tano asubuhi, gatini unatakiwa uwe umefika angalau nusu saa kabla, boti inachelewa, na chumba kipya hukabidhiwi kabla ya saa nane au tisa. Hesabu mara sita, dada, uone siku za kuogelea zimebaki ngapi.

Rhodes na Kos ziko mashariki kabisa, ubavuni mwa Uturuki, na boti za kutoka Santorini kwenda huko si za kila siku. Ziwekeeni safari yake. Mykonos ni nzuri, lakini ni ghali na ni ya watu wa disko. Mkitaka pwani ndefu za mchanga na kula bila kuumia mfukoni, Naxos inawafaa zaidi. Sisi tungepanga hivi:

Usiku 1 Piraeus, usiku 4 Naxos, usiku 2 Santorini, usiku 3 Chania kule Krete, usiku 1 ndani ya meli ya kurudi Piraeus, na usiku 1 Athens kabla ya ndege.

Usiku wa kwanza msilale katikati ya Athens. Meli za asubuhi za kwenda Naxos hung'oa nanga karibu saa 07:30, na Piraeus ndiyo bandari. Metro ya laini ya 3, ya buluu, hutoka uwanja wa ndege hadi Piraeus bila kubadilisha treni. Ni mwendo wa saa moja hivi, na tiketi ni yuro 9 kwa mtu. Bandari yenyewe ni kubwa, milango yake inaanzia E1 hadi E12, na kutoka mmoja hadi mwingine unaweza kutembea nusu saa na masanduku. Angalieni mlango ulioandikwa kwenye tiketi tangu jioni, msiuulizie alfajiri.

Hapa kuna jambo linalowaponza Waswahili peke yetu. Septemba Ugiriki wako kwenye saa zao za kiangazi, ambazo ni sawa kabisa na za Afrika Mashariki, kwa hiyo simu haibadiliki na usingizi hauvurugiki. Lakini tiketi ya 07:30 ni saa moja na nusu asubuhi, na ya 17:30 ni saa kumi na moja na nusu jioni. Mkikubaliana wenyewe kwa wenyewe kwamba "boti ni saa saba na nusu", mmoja wenu atakuja gatini mchana.

Mtauliza mbona Akropoli, yale mahekalu ya kale juu ya kilima cha Athens, tumeiacha mwisho. Kwa sababu ya upepo. Meli ya usiku kutoka Souda, bandari ya Chania, hufika Piraeus alfajiri, na mnabaki na siku nzima Athens. Meli ikizuiwa usiku ule mkaondoka kesho yake, mtakachopoteza ni Akropoli, si ndege ya kurudi nyumbani. Akropoli sasa ni yuro 30 kwa mtu mzima na tiketi ina saa yake maalum ya kuingia. Chukueni ya saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelegea, maana mawe ya pale juu yamesuguliwa na viatu hadi yanateleza kama sabuni, na kivuli hakuna.

Na Bodrum? Soma jibu la tatu hapa chini.

Swali. Nasikia bahari ya Ugiriki huchafuka Septemba. Mke wangu hutapika hata kwenye pantoni ya Kigamboni. Tukate tiketi ya boti ya kasi ili safari iishe haraka, au ya meli kubwa?
*Msafiri mwenye wasiwasi, Dar es Salaam*

Jibu. Meli kubwa, ndugu yetu, bila kujiuliza mara mbili.

Upepo wa Bahari ya Aegean unaitwa meltemi. Huvuma kutoka kaskazini kama kaskazi yetu, ila msimu wake ni kinyume: huanza Juni, hukaza Julai na Agosti, na hulegea kadiri Septemba inavyosonga. Husababishwa na hewa nzito iliyokaa juu ya nchi za Balkani kusukumwa kuelekea Uturuki, ambako joto limeifanya hewa kuwa nyepesi. Ndiyo maana huja bila wingu hata moja. Watu huamka wakaona jua kali na mbingu safi, wakafika bandarini wakaambiwa hakuna kuondoka. Kufikia katikati ya Septemba siku nyingi huwa tulivu, lakini upepo ukiamka unaweza kuvuma siku mbili tatu mfululizo.

Anayezuia vyombo ni mamlaka ya bandari, si kampuni. Meli kubwa kwa kawaida huzuiwa upepo unapofika nguvu ya 8 kwa kipimo cha Beaufort, na boti za kasi huzuiwa mapema zaidi. Kutoka Piraeus hadi Naxos boti ya kasi huchukua chini ya saa nne, meli kubwa saa tano na kitu, na kwa nauli meli kubwa ndiyo rahisi. Tofauti ya saa moja na nusu haina maana kwa mtu wa kutapika. Boti ya kasi ni nyepesi, huruka juu ya mawimbi, na abiria hufungiwa ndani. Kwenye meli kubwa mkeo anaweza kukaa sitahani, akapata hewa na kuangalia upeo wa macho. Kama ni kukaa ndani, achague katikati ya meli, ghorofa ya chini. Dawa ya kichefuchefu anywe saa moja kabla ya kung'oa nanga. Akisubiri hadi aanze kuhisi vibaya, ataitapika pamoja na chai.

Manahodha wa majahazi walishuka na kaskazi, hawakushindana nayo. Ratiba tuliyompa dada wa Mombasa inafuata akili hiyo hiyo: Piraeus, Naxos, Santorini, Krete, kila hatua kuelekea kusini, mawimbi yakisukuma kwa nyuma. Kupanda kaskazini, ambako meli hukutana na mawimbi uso kwa uso, tumeuachia usiku mmoja tu ndani ya meli kubwa ya Krete, na humo chukueni kamra yenye vitanda.

Kipande kibovu ni Santorini hadi Heraklion, bandari ya Krete mnakoshukia kabla ya kwenda Chania. Hapo karibu vyombo vyote ni boti za kasi, bahari iko wazi, na ndicho kinachoahirishwa upesi. Ni mwendo wa saa mbili hivi. Ikizuiwa mna njia mbili: kulala usiku mmoja zaidi Santorini na kuipunguzia Krete, au kuisamehe Krete na kurudi moja kwa moja Piraeus kwa meli kubwa, mwendo wa karibu saa nane. Kwa ajili hiyo hoteli ya Chania iwe ya kughairi bure.

Kampuni ikifuta safari kwa hali ya hewa hurudisha nauli yote au hukupa nafasi kwenye chombo kinachofuata. Kitanda cha kusubiri hailazimiki kukulipia. Na habari ya kufutwa hutumwa kwa ujumbe wa simu. Ukikata tiketi kupitia wakala aliyejaza namba yake badala ya yako, ujumbe utaishia kwake, nawe utasimama gatini ukiangalia bahari tupu. Jaza namba yako na msimbo wa nchi, +255 mbele, na hakikisha laini inapokea ujumbe ukiwa nje.

Swali. Tunaomba viza kwa mara ya kwanza. Mwenzangu anasema tusubiri Agosti ili karatasi za benki ziwe mpya. Ni sawa?
*Mume na mke, Nairobi*

Jibu. Si sawa. Maombi ya viza ya Schengen, yaani viza moja ya kundi la nchi za Ulaya, Ugiriki ikiwemo, hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15, lakini sheria inawaruhusu kufika 45 wakihitaji kuchunguza zaidi. Wa safari ya katikati ya Septemba awe amepeleka karatasi Mei au Juni. Julai hata miadi ya kupeleka fomu ni ya kugombania.

Kila mmoja hujaza fomu yake na kulipa ada yake, yuro 90, isiyorudishwa ukinyimwa. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, iwe na uhai wa miezi 3 baada ya siku ya kutoka Ulaya, na kurasa 2 tupu. Bima ya safari ilipie matibabu ya angalau yuro 30,000 na itaje nchi zote za Schengen. Ambatisheni cheti cha ndoa, hasa kama anayegharimia ni mmoja.

Mengi yanayokwamisha ni ya tarehe. Barua ya likizo inasema tarehe 12, bima inaanza tarehe 13, hoteli ya kwanza tarehe 14. Ofisa hana haja ya kuuliza, anakataa. Pangeni ratiba kwenye karatasi moja, usiku kwa usiku, halafu kila hati ifuate karatasi hiyo. Hoteli ziwe za kughairi bure na ndege iwe ya buking, si tiketi iliyokwisha kulipiwa. Jambo la pili ni fedha nyingi zilizoingia benki ghafla wiki moja kabla ya kuchapa taarifa. Kama ni mchango wa ndugu au mauzo ya kiwanja, wekeni na karatasi inayoeleza.

Sasa lile la Bodrum. Uturuki haimo Schengen. Ukivuka kutoka Kos, hata kwa kula chakula cha mchana tu, umetoka Schengen, na waombaji wa mara ya kwanza wengi hupewa viza ya kuingia mara moja. Ukirudi gatini Kos jioni, viza imekwisha na masanduku yako hotelini. Asiye na viza ya kuingia mara nyingi asipande boti hiyo. Kubadilisha ndege Istanbul ukiwa njiani kwenda au kurudi hakuhusiki na haya.

Swali. Sisi ni Waislamu, tunaishi Muscat. Visiwani tutakula nini?
*Wanandoa wapya*

Jibu. Samaki na mboga, na hamtajuta. Uangalifu uwe kwenye nyama: souvlaki (mishikaki) na gyros (nyama ya kuchomwa ikizungushwa), vile vya kuuzwa barabarani, ni nguruwe usipouliza. Kuku ni *kotopoulo*, neno la kulishika kabla ya *asante*. Pweza aliyepikwa rojo mara nyingi amepikwa kwa mvinyo, basi agizeni wa kuchoma. Ulizeni pia vyakula vya *ladera*, yaani mboga zilizopikwa polepole kwa mafuta ya zeituni: maharage makubwa, bamia, biringanya na viazi. Wagiriki hula hivyo siku zao za kufunga, navyo havina nyama.

Samaki wazima huuzwa kwa kilo, na bei kwenye menyu ni ya kilo, si ya sahani. Mwite mhudumu ampime mbele yenu kabla hajaingia jikoni. Wa barafu lazima aonyeshwe kwenye menyu, mara nyingi kwa kinyota. Nyama halali tafuteni Athens, maduka yapo mitaa ya Omonia, na msikiti rasmi uko Votanikos, ulifunguliwa Novemba 2020.

Swali. Tukodi gari? Na kuna gharama gani ambazo hazionekani kwenye bei ya hoteli?
*Msomaji, Arusha*

Jibu. Naxos basi linatosha, Santorini vilevile. Krete ndiko gari lina faida, siku mbili hivi. Mnahitaji hati ya kimataifa ya udereva inayotolewa nyumbani, pamoja na leseni yenyewe. Kadi ya dhamana iwe ya mkopo, kwani ya kawaida kampuni nyingi huikataa. Bima ya gari mara nyingi haigusi matairi wala chini ya gari, na njia ya vumbi ya kwenda Balos, ufukwe wa Krete, ndiyo inayoharibu vyote viwili. Nendeni Balos kwa boti. Kumbukeni pia wanaendesha kulia. Hatari si barabara kuu, ni unapotoka kituo cha mafuta ukiwa peke yako, mikono inakupeleka kushoto.

Mkitaka kushuka korongo la Samaria msiende na gari. Ni kilomita 16 za kuteremka, zinaishia Agia Roumeli ambako barabara haifiki. Mnatoka kwa boti, kisha basi, na gari lingebaki mlimani. Vaeni viatu vya kufunga, na ulizeni jioni ya kabla, kwani likitabiriwa mvua au joto kali hufungwa.

Gharama iliyojificha ni kodi ya serikali ya kila chumba kwa kila usiku, Aprili hadi Oktoba: yuro 2 hoteli ya nyota 1 au 2, yuro 5 nyota 3, yuro 10 nyota 4, yuro 15 nyota 5. Hulipwa kaunta. Kwa usiku 11 hotelini, nyota 4, ni yuro 110 mlizokuwa hamjazihesabu. Na mashine ya kutolea fedha ikikuuliza kama ikukate kwa shilingi au kwa yuro, bonyeza yuro.