Maelezo ya mwalimu kwenye slaidi za kivinjari

Mwalimu, umesema slaidi za kozi ya waongoza watalii hapo Moshi umezitengeneza kwa reveal.js, zana ya kutengeneza slaidi zinazofunguka kwenye kivinjari, na kwamba maelezo yako yote umeyajaza kwenye slaidi zenyewe kwa kuogopa kusahau. Yatoe, uyaweke mahali utakapoyaona wewe tu. Darasa likiona aya ndefu linasoma, halikusikilizi.

Kama unaandika kwa Markdown, yaani maandishi ya kawaida yenye alama chache za mpangilio, mwishoni mwa slaidi anza mstari mpya kwa neno Note: kisha endelea na maelezo yako. Kwenye HTML, lugha ya kurasa za wavuti, yaweke kati ya <aside class="notes"> na </aside>. Ukishafungua slaidi, bonyeza S. Litafunguka dirisha lingine lenye maelezo, slaidi inayofuata na saa. Lisipofunguka, huenda kivinjari kimelizuia, liruhusu.

Hapa ndipo nilipoumia mwenyewe, darasani Arusha: projekta ilionyesha kila kilichokuwa kwenye kompyuta yangu, maelezo yakasomwa na wote. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua Extend ili projekta na kompyuta zionyeshe vitu tofauti, kisha slaidi ziende kwenye projekta na dirisha la maelezo libaki upande wako. Fanya hivyo kabla wanafunzi hawajaingia, tafadhali.

Andika kwa ufupi. Slaidi ionyeshe picha ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na mita 5,895, maelezo yaseme tu, "Uliza nani aliwahi kuumwa kichwa kambi ya Barafu."

Majibu ya mtihani usiyaweke humo kabisa. Maelezo hayo yamo ndani ya ukurasa wenyewe, na mwanafunzi aliyepewa kiungo akifungua msimbo wake atayasoma.