Barua kwa mwanangu: masaa mangapi kwa siku

Mwanangu,

Umeniuliza ufanye mazoezi ya piano masaa mangapi kwa siku ili vidole viwe vyepesi. Umenunua kinanda, sasa una haraka. Haraka hiyo naijua, hukuitoa kwa mama yako.

Mimi masaa sikukosa. Nilipokuwa na miaka 19 nilikaa kwenye kile kinanda cha kukanyaga cha kanisani tangu mchana hadi giza. Unakikumbuka, ndicho ambacho kuku wetu walikuja kutagia. Nilianza wimbo mwanzo, nikifika mstari wa tatu najikwaa, narudi mwanzo kwa kasi zaidi, kama mtu anayetaka kuruka mtaro. Mara ishirini kwa jioni moja. Kumbe nilikuwa najifunza kujikwaa. Vidole havina akili, vina mazoea.

Siku ya Pasaka nikajikwaa palepale. Besi wakatangulia, soprano wakanisubiri. Mwalimu wa kwaya akaja taratibu, akafunga kifuniko, nikawahi kutoa mikono, naye akawaonyesha waendelee bila mimi. Beti nne nzima nilikaa pale, mikono mapajani, miguu bado inasukuma upepo usio na pa kutokea. Babu yako alikuwa benchi la pili.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Kidole gumba cha kushoto kilitakiwa kipite chini ya cha kati, mimi nikawa nainua kiwiko kukipisha. Ingetosha kuchukua noti zile sita tu, mkono mmoja, polepole kiasi cha kuchosha, dakika tano kila siku.

Kwa hiyo anza na skeli ya do, yaani ngazi ya noti zinazopanda kutoka do hadi do ya juu. Mkono wa kulia: gumba, shahada, kati, yaani do, re, mi, halafu gumba lipite chini likapige fa, kiwiko kikiwa kimetulia. Kidole cha pete kitakuwa kivivu, usikilazimishe. Robert Schumann, mtunzi wa muziki, Mjerumani yule, aliharibu mkono wa kulia akiwa kijana, umaarufu wa kupiga piano ukabaki kwa mkewe Clara. Ukisikia maumivu, acha.

Na angalia kama vibao vya kinanda chako vina uzito, yaani vinakipinga kidole kama vya piano. Kile changu sauti ilitoka miguuni. Ubonyeze kama unakanda unga au unamgusa mtoto aliyelala, ni ileile. Nilipogusa piano ya kweli, ambayo nyundo hugonga waya kwa kadiri ya mkono wako, kila noti ilitoka kama mlango uliobamizwa. Vidole havina akili, nimekwambia.

Lakini kaka yako? Hajui skeli hata moja, mwezi mzima hagusi kinanda, akikaa watu wanalia. Basi labda nadanganya. Hapana, kaka yako ana nyimbo nane, zilezile tangu sekondari. Ingawa hizo nane, ningetoa zangu zote nizipate.

Umeuliza pia, pale chini kabisa, kama miaka 34 umechelewa. Nimeandika jibu, nikalikata kwa kalamu. Usiinue karatasi kwenye mwanga kama ulivyozoea. Ukija Krismasi, kaa kwenye kile kiti kifupi, upige mstari wa tatu wa wimbo wowote. Nitakuwa jikoni, nitasikia.

Baba