Ukipotea kwenye Dungeon Master, chora ramani mwenyewe
Mkuu, umesema kila ukishuka ngazi kwenye Dungeon Master unapotea, ukauliza ramani inafunguliwa kwa kitufe gani. Hakuna kitufe. Gemu hili, la kuongoza mashujaa wanne kwenye mahandaki ya chini ya ardhi, lilitoka 1987 kwa ajili ya kompyuta ya Atari ST, na ramani unachora mwenyewe.

Kwa kuwa upo hapa Dodoma, pita Majengo sokoni utafute daftari la hesabu lenye vimraba. Mle mahandakini unatembea mraba kwa mraba, kwa hiyo kila hatua ni kimraba kimoja. Tumia penseli, maana utakuwa unafuta na kuchora upya sana! Langu limechakaa, lina doa la chai, lakini mlango wa siri nilioupata usiku wa manane bado nimeuzungushia duara jekundu. Raha yake siwezi kuieleza.

Angalia sehemu zinazokugeuza kimyakimya. Kuta zinafanana, unadhani unasonga mbele kumbe unarudi ulikotoka. Hapo dondosha kitu sakafuni, hata tofaa, piga hatua moja, kisha tazama kimebaki upande gani.

Kuhusu wale mashujaa wanne: wenye panga mbele, wachawi nyuma. Na mienge inaisha, usiiwashe yote kwa pamoja.