Mtoto wa mwaka na miezi minane mwenye maneno machache: niliyoyaona kwa binti yangu

Dada yangu, umeuliza kama uache kuzungumza Kisambaa na mwanao, kwa kuwa ametimiza mwaka 1 na miezi 8 akiwa na maneno yasiyozidi kumi, na ndugu wa mume wanadai kwamba lugha mbili zinamchanganya. Ninakujibu kama mama niliyepita hapo hapo: binti yangu, ambaye sasa ana miaka 4, amelelewa hapa Tanga kwa Kiswahili changu na Kisambaa cha bibi yake.

Usiache. Kusikia lugha mbili hakumcheleweshi mtoto kusema; wengi hupotoka kwa kuhesabu maneno ya lugha moja tu. Nilipoanza kuyaandika maneno ya binti yangu katika daftari, niligundua kwamba mengi niliyodhani ni kubwabwaja yalikuwa ya bibi yake. Akiwa na kiu alimwambia bibi "mazi", kisha akanigeukia mimi na kusema "maji", wala hakuna aliyemfundisha kutenganisha. Hesabu pia "gali" kuwa gari na "dizi" kuwa ndizi.

Unasema ananyoosha kidole huku na huko na kuguna. Mimi hilo lingenipa matumaini, kwa sababu kidole kile ni swali. Zamani nilikuwa nikimjibu binti yangu kwa neno moja, "sufuria", kisha ninaendelea na kazi. Nilipoanza kuketi naye jikoni, nikampa kifuu akishike na kumwambia, "Hiki ni kifuu, nazi yake tumeshaikuna, sasa kimebaki kitupu," alizidi kuuliza, na maneno yakafuata. Siku niliyomwambia kwamba kile tunachokunia nazi ni mbuzi, alikitazama kwa muda, akaenda hadi mlangoni, akamwonyesha mbuzi wa jirani na kusema "mee". Hakuwa bado na sentensi hata moja, lakini alikwisha kuona kwamba jina moja limebeba vitu viwili, na alitaka kuelezwa. Televisheni haikunisaidia kitu, kwani haimjibu mtoto anaponyoosha kidole.

Kosa langu lilikuwa kumsahihisha mno. Kila saa nilimwambia, "Sema vizuri! Sema tena!" hadi akawa ananyamaza mbele yangu na kuzungumza na bibi peke yake, jambo lililoniuma sana. Alipofika miaka 2 na nusu alisema "kifaranga kimelala". Sisi husema amelala, kwa kuwa kifaranga ni kiumbe hai, lakini yeye alikuwa amesikia kijiko kimeanguka na kikombe kimevunjika, akajitungia kanuni mwenyewe. Sentensi ile hakuisikia kwa mtu mzima yeyote. Wakati huo nilikuwa nimeshajifunza, nikamjibu tu, "Ndiyo, kifaranga amelala, amechoka," tukaendelea na mazungumzo yetu.

Hata hivyo, mpeleke mwanao akapimwe masikio. Binti yangu alikuwa akitokwa na usaha sikioni mara kwa mara, nami nikauchukulia kuwa jambo la kawaida la utotoni, mpaka muuguzi aliponieleza kwamba ugonjwa huo hupunguza usikivu, na mtoto hawezi kuiga sauti isiyomfikia sawasawa. Akitimiza miaka 2 bila kuunganisha maneno mawili, kama "mama njoo", au akianza kupoteza maneno aliyokuwa nayo, usikubali kuambiwa kwamba watoto wa kiume huchelewa na kwamba usubiri. Anza leo kuyaandika maneno yake ya lugha zote mbili pamoja na tarehe, na uende na daftari hilo kliniki, kwa maana mimi niliulizwa pale ni maneno mangapi anayoyajua, na siku ya kwanza sikuwa na jibu.